Mfumo Unaoweza Kujengwa Tena: Kontena, Wingu na Huduma za Kaunti

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu jinsi programu za huduma za kaunti zinavyojengwa, kupangwa na kuendeshwa kwenye wingu.



Katika kaunti nyingi za Kenya, kibali cha biashara cha mwaka hulipiwa kabla ya Machi kuisha. Januari ni mwezi wa karo na Februari ni mwezi wa kujikongoja, kwa hivyo wafanyabiashara wengi husubiri siku za mwisho. Watu waliokuwa wakiingia kwenye mfumo mmoja mmoja huingia kwa mamia kwa wakati mmoja. Wako walioketi kwenye saiba, wako wenye simu za kisasa, na wako wanaobonyeza nambari kwenye mulika mwizi. Mfumo ukizimika siku hiyo, kinyozi anakosa kibali, maafisa wa ukaguzi wanafika dukani, na adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kana kwamba kosa ni la kinyozi. Kaunti nayo inakosa mapato yanayonunua dawa na kukarabati barabara za mashinani.

Mazungumzo ya leo yanahusu namna ya kujenga mfumo usiozimika ovyo, na ambao ukizimika unasimamishwa tena haraka na mtaalamu yeyote, si yule mmoja tu aliyeujenga. Jambo kuu ni hili: mfumo ni mali ya wakazi pale tu kaunti inapoweza kuujenga upya, kuuhamisha na kuuendesha bila kumbembeleza mkandarasi.

Somo kutoka bandarini

Kila mkazi anaijua kontena ya chuma. Inapita kwenye malori ya barabara kuu ya Mombasa na kwenye treni ya mizigo, na mitaani imegeuzwa duka au kibanda cha M-Pesa. Zamani mizigo ilishushwa melini gunia kwa gunia mgongoni mwa makuli. Meli ilikaa bandarini siku nyingi, na mali nyingine ilivunjika au kupotea njiani. Tarehe 26 Aprili 1956, mfanyabiashara wa uchukuzi wa Marekani, Malcom McLean, alituma meli ya Ideal-X kutoka Newark hadi Houston ikiwa imebeba makasha 58 yaliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye malori. Baadaye dunia ikakubaliana kuhusu vipimo vya makasha hayo. Leo kreni ya bandari ya Mombasa haihitaji kujua kama ndani mna majani chai au viatu. Inachohitaji ni pembe za kasha zilingane na mikono yake.

Programu za kompyuta zilikuwa na shida kama ile ya magunia. Programu haisimami peke yake. Inahitaji toleo fulani la lugha iliyoandikiwa, inahitaji vipande vya programu nyingine, na inahitaji mashine iwe imepangwa kwa namna fulani. Ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya fundi, lakini ilipofikishwa kwenye seva ya ofisi ikagoma. Fundi akasema kwake inafanya kazi, ofisi ikasema kwao haifanyi, na mwananchi akaambiwa arudi kesho.

Kontena ya programu hufunga programu pamoja na kila inachohitaji, ili popote inapofunguliwa iwe ni ile ile. Mbinu zenyewe zilikuwepo ndani ya mfumo endeshi wa Linux kwa miaka kadhaa, lakini zilienea baada ya Machi 2013, Solomon Hykes alipoonyesha chombo cha Docker katika mkutano wa waandishi wa programu nchini Marekani. Mwaka 2015 kampuni kadhaa ziliunda Open Container Initiative ili kukubaliana kuhusu vipimo vya pamoja, kama walivyofanya watu wa meli kabla yao. Kwa sababu hiyo, kontena iliyojengwa kwa vipimo hivyo inaweza kuendeshwa kwenye wingu la Amazon, la Microsoft au la Google, kwenye kituo cha data kilicho humu nchini, au kwenye seva iliyo makao makuu ya kaunti, mradi aina ya prosesa ilingane.

Kujenga: maagizo yaandikwe na yamilikiwe

Kontena huanza na maagizo yaliyoandikwa kwenye faili, mstari kwa mstari, kama maagizo ya kupika. Mstari wa kwanza unasema msingi ni upi. Unaofuata unaweka vipande vinavyohitajika na matoleo yake. Mwingine unaingiza programu yenyewe, na wa mwisho unaeleza namna ya kuiwasha. Kompyuta husoma maagizo hayo na kutoa kifurushi ambacho wataalamu hukiita imeji. Imeji ikiwashwa ndipo inakuwa kontena. Imeji moja inaweza kuwashwa mara 1, mara 3 au mara 30, na kontena zote zitakuwa sawa.

Hapa ndipo wakazi wanapoweza kupoteza mali yao bila kujua. Mkandarasi akiikabidhi kaunti imeji peke yake, bila maagizo na bila msimbo chanzo wa programu, ni sawa na mgeni aliyeletewa chakula kilichoiva. Anaweza kula leo, lakini mpishi akiondoka hawezi kupika kingine. Ada ikibadilika, au neno likiandikwa vibaya kwenye risiti, hakuna wa kurekebisha. Kwa hivyo mkataba unapaswa kusema wazi kwamba msimbo, maagizo ya ujenzi na ghala la imeji vitakaa kwenye akaunti za kaunti tangu siku ya kwanza, si siku ya kuagana.

Mafundi wa kaunti wana mambo mengine ya kuzingatia hapa. La kwanza, kila imeji ipewe nambari yake ya toleo. Kuna mazoea ya kuipa kila imeji jina moja la maana ya mpya kabisa. Mambo yakiharibika, hakuna anayejua ni mpya ya lini, wala ya kurudia ni ipi.

La pili, nywila zisitiwe ndani ya imeji. Imeji hujengwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine. Fundi akiweka nywila kwenye tabaka la chini kisha akaifuta kwenye tabaka la juu, nywila haijatoka. Imefunikwa tu, na mwenye imeji anaweza kufunua.

La tatu, imeji ikaguliwe hata baada ya kujengwa. Kipande cha programu kinachoonekana salama leo kinaweza kugunduliwa kuwa na udhaifu kesho. Desemba 2021 udhaifu mkubwa ulitangazwa kwenye kipande kimoja kidogo kiitwacho Log4j, ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za matukio ya programu. Mashirika kote duniani yalianza kutafuta ni wapi kimejificha ndani ya mifumo yao. Aliyekuwa na orodha kamili ya vilivyomo ndani ya imeji zake alipata jibu mapema, na asiyekuwa nayo alipapasa gizani.

Kupanga: mipangilio ikae kando

Programu ya malipo ya kaunti huendeshwa angalau mahali pawili: pa majaribio na pa kazi halisi. Imeji inapaswa kuwa ile ile pote pawili. Kinachobadilika ni mipangilio, yaani anwani ya hifadhidata, funguo za kuunganisha na kampuni ya malipo, na mahali pa kupeleka taarifa za hitilafu. Mipangilio hiyo hupewa kontena wakati inapowashwa, kama dereva anavyopewa karatasi ya safari, haifungwi ndani yake. Fundi akichanganya akaweka funguo za majaribio mahali pa kazi halisi, mfumo unaweza kutoa risiti safi kwa pesa ambazo hazikuingia. Akichanganya kinyume chake, mtu wa majaribio anatozwa pesa za kweli.

Ada zenyewe pia zisiandikwe ndani ya programu. Bunge la Kaunti linapopitisha Sheria ya Fedha, ada za vibali, soko na maegesho zinaweza kupanda au kushuka. Viwango hivyo vikae kwenye jedwali ambalo maafisa wa mapato wanaweza kulibadilisha kwa idhini, na mfumo uandike nani alibadilisha nini na lini. Mkaguzi akifika, au mkazi akiuliza kwa nini kiosk chake kimetozwa zaidi, jibu liwe limeandikwa.

Funguo na nywila zinahitaji hifadhi maalumu, iliyofichwa na yenye daftari la walioingia. Zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, wala zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Maafisa wasiopungua wawili walioajiriwa na kaunti wawe na uwezo wa kuzipata na kuzibadilisha. Mtu huugua, huhama kazi, na wengine hugombana na mwajiri. Hakuna lolote kati ya hayo linalopaswa kufunga ofisi ya mapato.

Kupeleka: wingu ni kompyuta za mahali fulani

Neno wingu huwapotosha watu. Data haielei hewani. Imo kwenye kompyuta zilizo ndani ya jengo lenye umeme, vipoza hewa na walinzi, na mtumiaji hukodisha nafasi humo kwa saa au kwa mwezi. Miongoni mwa vituo vikubwa vya kampuni za kimataifa vilivyo barani Afrika, Microsoft ilifungua cha Johannesburg mwaka 2019 na Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka 2020. Kenya nayo ina vituo vyake vya data, kikiwemo cha serikali kule Konza.

Mahali kituo kilipo ni jambo la kuangaliwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na katika nchi jirani. Mfumo unaotegemea kompyuta za ng'ambo peke yake unaweza kuwa mzima kabisa huko uliko, na bado mkazi wa hapa asiufikie.

Kontena zikiwa nyingi zinahitaji msimamizi. Anayetumika sana ni Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka 2014. Jina lake ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kaunti hutamka inachotaka, kwa mfano kontena 3 za programu ya vibali ziwe hewani wakati wote. Msimamizi huhesabu. Moja ikifa usiku wa manane, anawasha nyingine bila kumwamsha mtu. Toleo jipya likiletwa, anabadilisha kontena moja moja, akihakikisha mpya inajibu kabla ya kuzima ya zamani. Toleo jipya likiwa na kasoro, anarudishwa kwenye toleo la awali lenye nambari yake. Si lazima kila kaunti itumie Kubernetes, kwani chombo hicho kinataka ujuzi wa kutosha na mfumo mdogo unaweza kuendeshwa kwa njia nyepesi zaidi. La lazima ni kwamba kazi hizo ziwe zinafanywa.

Msongamano wa Machi nao una dawa. Msimamizi anaweza kuagizwa kuongeza kontena maombi yanapoongezeka, na kuzipunguza yakipungua. Lakini hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni hifadhidata. Kuongeza kontena bila kuimarisha hifadhidata ni kama kuongeza makarani kaunta wakati kabati la faili ni moja na mlango wake ni mwembamba: wote watapanga foleni kabatini. Ndiyo maana mfumo unapaswa kupimwa kwa mzigo bandia Januari au Februari, kabla ya mzigo wa kweli kufika.

Mtego wa pili ni bili. Huduma za wingu za kimataifa kwa kawaida hupangiwa bei kwa dola, na hulipiwa kadiri zinavyotumika. Kila kontena inayoongezwa ina bei yake. Julai 2023 jukwaa la eCitizen lilishambuliwa kwa wimbi la maombi bandia, na huduma nyingi za serikali zikakatizwa. Mfumo unaojiongeza wenyewe bila kikomo, ukishambuliwa namna hiyo, utaendelea kukodisha kompyuta za kuwahudumia wageni wasiokuwepo, na mlipa ushuru ndiye atakayeletewa ankara. Pawe na kikomo cha kontena, kikomo cha bili, na kinga ya kuchuja maombi mlangoni.

Kontena hufa, data isife

Kontena imekusudiwa iwe ya kuzimwa na kuwashwa. Chochote kilichoandikwa ndani yake peke yake hupotea inapoondolewa. Kwa hivyo kumbukumbu za walipa ada, ramani za viwanja na rekodi za wagonjwa hazikai ndani ya kontena. Zinakaa kwenye hifadhidata ya kudumu, na nakala za akiba zinawekwa mahali pengine kabisa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu. Angalau mara chache kwa mwaka, mafundi wachukue nakala hiyo, waijenge upya kwenye mashine tupu, na waandike ilichukua saa ngapi.

Jambo hili linagusa mfuko wa mkazi moja kwa moja kwenye malipo. Mtu analipa kwa simu, pesa zinakatwa, lakini kibali hakitokei. Mara nyingi sababu ni kwamba kampuni ya malipo ilituma uthibitisho wakati programu ya kaunti ilikuwa imezimika au imelemewa. Mfumo uliojengwa vizuri haupokei uthibitisho na kuushughulikia papo hapo kwa pupa. Huuandika kwanza kwenye foleni ya kudumu, kisha huushughulikia kwa zamu, hata kama kontena itakufa katikati ya kazi. Pia hutumia nambari ya muamala kama alama ya pekee, ili uthibitisho ukifika mara mbili risiti itolewe mara moja. Mwisho wa siku, orodha ya kaunti hulinganishwa na orodha ya kampuni ya malipo ili kuona kilichobaki.

Kwa mkazi, ushauri ni mfupi. Pesa zikikatwa na kibali kisitokee, usilipe tena kwa haraka. Hifadhi ujumbe wenye nambari ya muamala, kisha uipeleke kwenye ofisi ya mapato. Nambari hiyo ndiyo ushahidi wako.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiwajibisha kaunti kwa data ya wakazi hata pale kazi inapofanywa na mkandarasi au kwenye wingu la kampuni nyingine. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 baada ya jambo hilo kujulikana. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza kwamba data binafsi katika maeneo nyeti, yakiwemo mifumo ya fedha za umma na huduma za afya, ichakatwe kupitia seva iliyo nchini, au angalau nakala moja inayotumika iwekwe nchini. Mfumo wa kontena hurahisisha kutii, kwa sababu unaweza kuhamishiwa Kenya bila kuandikwa upya. Lakini hauhami wenyewe. Lazima mtu awe na maagizo, funguo na data.

Maswali ya kuuliza

Katiba, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Katika vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti, mkazi hahitaji kuwa fundi wa kompyuta ili kuuliza haya:

1. Msimbo chanzo na maagizo ya ujenzi viko kwenye akaunti ya nani?

2. Mkandarasi akiondoka leo, ni maafisa gani wa kaunti wanaoweza kuwasha mfumo kesho asubuhi?

3. Nakala ya akiba ilijaribiwa kurejeshwa lini, na ilichukua saa ngapi?

4. Data ya wakazi imehifadhiwa wapi, na je, nakala moja iko Kenya?

5. Mfumo ulipimwa kwa mzigo kabla ya msimu wa vibali?

6. Bili ya wingu ni kiasi gani kwa mwezi, na kikomo chake ni kipi?

7. Mfumo ukizimika siku ya mwisho, je, muda wa kulipa bila adhabu utaongezwa?

Swali la saba halihusu kompyuta, lakini ndilo linalomhusu kinyozi zaidi. Hakuna mfumo usiowahi kuzimika. Haki ni kwamba hasara ya kuzimika isibebeshwe mtu aliyekuja kulipa.

Ndugu wakazi, kontena si uchawi na wingu si mbinguni. Ni vyombo, na faida yake hutegemea anayeshika usukani. Ghala lililojengwa kwa fedha za umma hukabidhiwa pamoja na funguo na hati yake. Mfumo wa kompyuta nao ukabidhiwe hivyo hivyo. Kikao cha bajeti kinapoitishwa katika wadi yenu, fikeni na maswali hayo saba, na msiondoke kabla majibu hayajaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.